Rangi Haibebi Mahindi: Vidokezo vya Kukagua Trela la Trekta Kabla ya Kulinunua

Oktoba ikifika na mahindi ya Trans Nzoia yakaanza kukaukia shambani, Kitale nzima hutafuta trela kwa wakati mmoja. Kule Bungoma, anayepata kazi ya kusomba miwa hulitafuta wakati wowote wa mwaka. Trela jipya ni ghali, kwa hiyo wengi wetu hununua lililotumika: kwa mwenye shamba kubwa anayepunguza vifaa, kwa msombaji wa miwa aliyeamua kubadilisha kazi, kwenye mnada, au kwa jirani anayetafuta karo ya Januari.

Kwa kuwa halina injini wala giabokisi, wanunuzi hulizunguka mara moja, hupiga teke tairi, kisha huanza kupatana bei. Hapo ndipo hasara huanzia. Trekta bovu hukataa kuwaka, likabaki nyumbani. Trela bovu huondoka nyumbani vizuri, likakatika mteremkoni likiwa na tani nane, na mara nyingi kuna vijana wa kupakua waliokaa juu ya magunia. Kwa ajili ya hao vijana, naomba usome vidokezo hivi hadi mwisho kabla hujatoa hata shilingi ya kwanza.

Msimamo wangu ni mmoja: unanunua chesisi, ekseli na mkono wa kuvutia. Bodi, mbao, rangi na hata tairi, fundi yeyote mzuri wa jua kali atakubadilishia. Vile vitatu vikiwa vibovu, umenunua vyuma chakavu kwa bei ya trela.

1. Uliza lilikuwa likibeba nini

Hili ndilo swali la kwanza, hata kabla ya bei. Kila mzigo huumiza trela mahali pake.

Trela la miwa huumia kwa uzito na kwa maji ya miwa. Msombaji hulipwa kwa tani zilizopimwa kwenye mizani ya kiwanda, kwa hiyo kishawishi cha kupakia hadi miwa ining'inie nje ni kikubwa. Kiwanda cha Nzoia pale Bukembe kilianzishwa mwaka 1975 na kikaanza kusaga miwa 1978, na baadhi ya matrela yanayouzwa Bungoma leo yamesomba miwa miaka mingi, yakapita mikononi mwa watu wengi. Nguzo za pembeni husukumwa nje na mzigo, na nguvu hiyo yote huishia pale zilipochomelewa kwenye chesisi. Utomvu nao huteremka hadi kwenye maungio, huchachuka, na kula chuma taratibu mahali ambapo brashi ya rangi haifiki.

Trela la Kitale lina adui mwingine: mbolea. DAP ya kupandia na CAN ya kukuzia ni chumvi. Punje zikimwagika kwenye pembe za sakafu huvuta unyevu wa hewa, na chuma kilichokaa na chumvi yenye unyevu hulika haraka. Chokoa pembe hizo kwa bisibisi. Ikizama, bati limekwisha.

Mahindi yenyewe hayana ubaya, ila watu husahau hesabu. Gunia la kilo 90 mara mia moja ni tani tisa. Muuzaji akijisifu kwamba trela lake "hubeba mia na ishirini bila shida," amekwambia mwenyewe kwamba limebeba karibu tani kumi na moja. Liangalie lina ekseli ngapi, kisha amua kama hiyo ni sifa au ni onyo.

Na kama lilikuwa la mawe, kokoto au matofali, kagua kila kidokezo kinachofuata mara mbili.

2. Omba lisioshwe

Piga simu mapema umwambie muuzaji aliache kama lilivyo. Vumbi na kutu vina habari nyingi. Ufa mwembamba ambao jicho halioni huvuta maji ya mvua, na maji yakitoka hushuka na mstari wa rangi ya udongo mwekundu. Michirizi hiyo ndiyo unayoitafuta, chini ya kila kiungo kilichochomelewa na kando ya kila nati ya gurudumu. Trela likioshwa, michirizi huondoka na maji, ufa unabaki.

Nenda asubuhi kwenye mwanga mzuri, likiwa tupu. Beba nyundo ndogo, bisibisi, brashi ya waya, tochi, uzi mrefu, tepu ya kupimia, sumaku, jeki, chaki na chupa ya mafuta ya taa. Nitakueleza kazi ya hivyo viwili vya mwisho.

3. Rangi mpya ni swali, si jibu

Rangi mpya kwenye bodi peke yake si kosa, kila muuzaji hupenda chake kipendeze. Rangi mpya chini ya trela ndiyo ya kuuliza. Nani hupaka rangi mahali pasipoonekana, wiki moja kabla ya kuuza? Pitisha sumaku polepole. Ikiacha kushika mahali panapopaswa kuwa chuma, hapo pamejazwa puti. Gonga kwa nyundo ukisikiliza: chuma kizima hulia kwa sauti kali, kilicholiwa na kutu huitikia kwa sauti butu.

4. Mkono wa kuvutia: kaa hapa muda mrefu kuliko kwingine kote

Mkono wa kuvutia ni ule mrefu wa mbele unaoshikana na trekta. Kila breki, kila shimo la barabara ya murram, kila mara trekta linapong'oa trela kutoka kwenye tope la shamba la Endebess au Tongaren, nguvu hupitia hapo. Ukikatika, hakuna kingine cha kulizuia trela.

Anza na pete. Kidole chako kikizunguka ndani yake kitakwambia kama bado ni duara au imekuwa yai. Linganisha unene wa upande unaovutwa na ule usioguswa na pini. Ikiwa imelika robo ya unene wake, mimi huhesabu pete mpya kwenye bei moja kwa moja. Angalia pia jinsi pete yenyewe ilivyoshikishwa. Iliyofungwa kwa bolti hubadilishwa vizuri. Iliyochomelewa juu ya nyingine ya zamani ni ya kukatwa yote.

Kisha nenda pale mkono unapokutana na chesisi. Hapo ndipo nyufa huzaliwa, hasa kwenye trela la magurudumu mawili, kwa sababu sehemu ya uzito wa mzigo hulalia mkono huo na kuupinda juu na chini siku nzima. Ufa wa aina hii hauji kwa siku moja. Huanza pembeni mwa weldi, mwembamba kama unywele, kisha hukua kidogo kila safari hadi chuma kilichobaki hakitoshi.

Sasa chukua chaki na mafuta ya taa. Sugua kiungo kwa brashi ya waya hadi chuma kionekane. Paka mafuta ya taa, subiri kama robo saa yaingie, kisha pangusa hadi pakauke kabisa. Saga chaki, ipake juu kama unga. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatarudi juu na kuchora mstari mweusi kwenye weupe wa chaki. Ni mbinu ya zamani ya karakana za reli, iliyotumika kukagua ekseli na magurudumu ya treni kabla mashine za kisasa za kupima nyufa hazijatengenezwa, na hadi leo haihitaji umeme wala mtaalamu wa kutoka Nairobi. Muuzaji akikataa ufanye hivyo, mshukuru kwa muda wake uondoke.

Kwenye trela la magurudumu manne, kagua pia sahani ya kugeuzia iliyo juu ya ekseli ya mbele. Ingiza mtaimbo uinue kidogo. Ikicheza sana, au ikiwa imekauka bila grisi, chini yake kuna vumbi la chuma, na vumbi hilo ni unene uliopotea.

5. Lala chini uione chesisi

Vaa nguo za kazi. Anayenunua trela akiwa amesimama amenunua bodi tu.

Fuata kila boriti ndefu kwa tochi kutoka mbele hadi nyuma. Unatafuta nyufa, mikunjo na viraka. Nyufa huanzia pale kitu kinapobadilika ghafla: penye tundu, penye kona kali, mahali springi zinaposhikiliwa, mahali nguzo za bodi zinapoungana na chesisi.

Kiraka si aibu. Trela la kazi lenye miaka ishirini bila kiraka ni nadra. Unachokagua ni jinsi lilivyotibiwa. Fundi anayejua kazi hutoboa tundu dogo kwenye ncha ya ufa ili usiendelee, huuchimba na kuujaza kwa weldi, kisha huongeza bamba lenye ncha zilizochongoka ili nguvu igawanyike. Fundi wa haraka hukata kipande cha mraba, akakichomelea pande zote nne juu ya ufa. Ule mstari wa weldi unaokatiza boriti wima huidhoofisha, na ufa mpya huzaliwa sentimita chache kutoka kwa ule wa zamani. Ukiona kiraka juu ya kiraka, au viraka pande zote mbili mahali pamoja, hiyo boriti imechoka. Hata weldi zenyewe husema: nzuri ni sawasawa na zimeingia ndani ya chuma, mbaya zina matone, matundu, na mdomo uliokaa juu bila kushika.

6. Pima kwa uzi na tepu

Macho hudanganywa kirahisi na kitu kirefu. Funga uzi kutoka mwanzo hadi mwisho wa boriti ukiwa umevutwa vizuri, uone kama katikati pamezama. Fanya hivyo kwa boriti zote mbili. Zikiwa zimezama sawa, trela lilizidishiwa mzigo. Ikizama moja tu, pengine liliwahi kupinduka au kutumbukia mtaroni.

Kisha pima mshazari: kutoka kona ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, halafu kinyume chake. Vipimo vikitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja au mbili, chesisi imekwenda upande. Mwisho, pima kutoka katikati ya pete hadi katikati ya kila gurudumu la ekseli ya nyuma, kushoto na kulia. Kwenye la magurudumu manne, hakikisha kwanza mkono umenyooka mbele. Urefu usipolingana, ekseli imehama, na trela litatembea kiupandeupande likila tairi mpya utakazonunua. Kazi yote hii haimalizi nusu saa, na ni wanunuzi wachache sana wanaoifanya.

7. Ekseli na beringi

Piga jeki gurudumu moja baada ya jingine, ukiwa umeweka mawe mbele na nyuma ya yale yaliyobaki chini. Shika gurudumu juu na chini, litikise. Likicheza, beringi zimelegea au zimekufa. Lizungushe ukisikiliza, mkwaruzo maana yake kuna mchanga au kutu ndani. Ni kawaida trela la shamba kupita msimu mzima bila kutiwa grisi, kwa hiyo usishangae ukikuta hivyo. Beringi hununuliwa. Kinachotisha ni ncha ya ekseli iliyoliwa na beringi iliyokwama ikazunguka na chuma. Omba habu moja ifunguliwe, ile iliyolia zaidi.

Simama nyuma mita kumi hivi, chuchumaa, tazama magurudumu. Yakiwa yameinama kwa juu kuelekea ndani au nje, ekseli imepinda. Uliza pia ekseli ilitoka wapi. Mengi ya matrela yetu yamejengwa na jua kali kwa ekseli za malori ya zamani, na hilo halina ubaya, mradi isiwe imeunganishwa katikati kwa weldi ili iongezwe au ipunguzwe upana. Ekseli ya namna hiyo siinunui kwa bei yoyote.

8. Springi

Kama zipo, hesabu majani ya kila upande na utafute lililovunjika. Bolti ya katikati ikikatika ekseli huhama, kwa hiyo kama vipimo vya kidokezo cha sita vilikataa, rudi uangalie hapa kwanza. Huenda ni bolti moja tu.

9. Tairi na rimu

Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya kifremu kidogo. 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi la trela huzeeka kwa jua kabla ya kuisha kwa lami, na nyufa za ubavuni hupasuka siku ya mzigo mkubwa. Kwenye rimu, angalia kuzunguka matundu ya nati. Michirizi ya kutu hapo ni dalili kwamba nati zilikuwa zikilegea, na tundu lililokuwa duara huenda limeshakuwa refu.

10. Kama ni tipa

Liinue tupu hadi mwisho, kisha uliache. Bodi ikianza kushuka yenyewe baada ya dakika chache, sili au valvu zinavuja. Fimbo ya silinda iwe laini inayong'aa. Mikwaruzo yake itakata sili mpya baada ya muda mfupi. Angalia bawaba za nyuma zinazobeba bodi yote wakati wa kumwaga, kama pini zimelika na kama chesisi iliyozishika imepasuka.

Usiingize kichwa wala mkono chini ya bodi iliyoinuliwa kabla ya kuwekwa gogo imara au nguzo yake ya chuma. Haidroliki haitoi onyo inapoachia. Hili limwambie fundi wako, dereva, na kila mtoto aliyekuja kutazama.

11. Breki, taa na viakisi

Matrela mengi hayana breki kabisa. Kama utafanya kazi tambarare karibu na nyumbani na trekta ni kubwa, utaendesha polepole. Kama utashuka na mzigo kutoka Kapsokwony au miinuko ya Cherangany, tafuta lenye breki au tenga pesa za kuziweka.

Taa ni suala la uhai wa watu wengine. Trela la miwa lisilo na taa usiku kwenye barabara ya Bungoma kwenda Mumias halionekani hadi mwenye gari au bodaboda ameshalifikia. Kukosekana kwa taa si sababu ya kuliacha trela zuri, kwa kuwa waya, taa na vibao vya kuakisi ni gharama ndogo ukilinganisha na kila kitu tulichotaja. Ziweke kabla ya safari ya kwanza.

12. Bodi na sakafu

Zitazame mwisho, bila hasira. Pembeni pakiwa pamebonyea na mlango wa nyuma haufungi vizuri, shusha bei. Mahindi yatavuja, lakini trela litafika.

13. Mlete fundi asiyemjua muuzaji

Ukinunua Kitale, njoo na fundi wa kuchomelea kutoka kwenu Webuye, Kimilili au Bungoma mjini, umlipe siku yake yote hata usiponunua. Malipo yake yasitegemee biashara kufanyika, la sivyo atatamani ifanyike. Mwombe akuandikie kila kitu cha kurekebisha na bei yake, vyuma na kazi. Orodha hiyo ndiyo utakayoiweka mezani wakati wa kupatana, na muuzaji mwenye busara hubishana kwa shida na karatasi yenye hesabu.

14. Karatasi

Trela lililosajiliwa lina namba yake inayoanza na Z, tofauti na ya trekta linalolivuta. Tafuta namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma, uilinganishe na logibuku, na uangalie kama kipande chenye namba hakikukatwa mahali pengine kikachomelewa hapo. Fanya uchunguzi wa umiliki wa NTSA kupitia eCitizen kabla ya kulipa, kwa sababu huenda chombo bado kimeshikiliwa na benki au sako kwa mkopo. Kama halijawahi kusajiliwa, na mengi ya jua kali hayajasajiliwa, taka stakabadhi ya aliyelitengeneza na makubaliano yaliyoandikwa mbele ya mashahidi, ikiwezekana kwa wakili, yenye namba za vitambulisho vya pande zote mbili. Mzee wa kijiji anayemfahamu muuzaji ni shahidi mzuri pia.

15. Livute likiwa na mzigo

Baada ya yote hayo, omba lipakiwe magunia au mchanga wa kiasi, livutwe kilomita chache, kona mbili tatu na mlima mmoja. Tembea nyuma yake. Halipaswi kuyumba wala kukimbilia upande. Likirudi, rudia kukagua mkono wa kuvutia, kwa sababu ufa uliofungwa trela likiwa tupu hufunguka likibebeshwa.

Siku ya kulipeleka nyumbani, sema unatoka Kitale kwenda Bungoma, ondoka mapema ili usifikiwe na giza. Simama Kiminini uguse kila habu kwa mgongo wa mkono: yenye joto la kawaida iache, inayochoma ifunguliwe hapohapo. Gusa tena Kamukuywa, na tena Webuye kabla ya kuingia barabara kuu yenye malori ya Malaba. Ukifika, kaza nati zote za magurudumu, na uzikaze tena baada ya mzigo wa kwanza.